Jibu Lililokuja na Migebuka

Mimi si mtu wa kutoka. Nikuambie mapema, rafiki yangu, usije ukafika katikati ya maneno haya ukadhani unasoma habari za mtu aliyezunguka dunia na gitaa lake. Gitaa ninalo, ni kweli, na wapo watu hapa Sumbawanga wakiniona njiani hunitaja kwa wimbo wangu, husema, "Yule pale, mama wa Fagia Njia." Lakini dunia yangu inaanzia Kasense, kwenye nyumba aliyoniachia bibi yangu, na kuishia Mwimbi, ambako huwa naalikwa kuimba harusini. Na hata huko Mwimbi, nikilala siku moja tu, asubuhi naamka naulizia gari la kurudi kabla sijaulizia chai.

Basi Jumamosi moja, mwezi uliopita, hamu ya migebuka ilinishinda ikanitoa nyumbani. Samaki wa ziwani haji kwako kwa kuitwa, unamfuata sokoni. Nikajifunga kitenge juu ya sweta, maana baridi yetu haina adabu, nikafika upande wa samaki. Pale kulikuwa na binti anapanga migebuka yake ya kubanika juu ya meza, mikia upande mmoja, huku anaimba kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoimba wakiwa hawajui kwamba wanaimba.

Ulikuwa wimbo wangu. Sauti ile ile, pale inapopanda na pale inapokatika ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Mtunzi akisikia wimbo wake mdomoni mwa mtu asiyemjua hufurahi. Nami nilifurahi, kwa hatua tatu hivi. Hatua ya nne nikasikia maneno, na maneno hayakuwa yangu. Nilidaka "kifaranga", nikadaka "mlangoni", mengine yakamezwa na kelele za soko.

"Shikamoo, mama. Karibu migebuka."

"Marahaba, mwanangu. Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Upi tena?"

"Huo unaouimba."

"Aa, huu!" Akacheka. "Huu wa kuanikia dagaa. Kwetu Kasanga kila mtu anaujua."

"Una mwenyewe huo."

"Jamani, mama, nyimbo nazo zina wenyewe? Migebuka hii ndiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Nikufungie mingapi?"

Nikamwambia anifungie mitano, ila kwanza aniimbie wote, mwanzo mpaka mwisho. Akanitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyeanza kupungukiwa. Nyuma yangu wateja walikuwa wameshajaa. "Ngoja niwahudumie hawa, mama yangu. Kaa hapo kwenye kreti."

Nikakaa kwenye kreti ya soda, mikono mapajani kama mtu anayesubiri jina lake zahanati. Na kweli nilikuwa nasubiri, ila si tangu asubuhi ile. Wimbo ule niliutunga nikiwa na miaka kumi na mmoja, kumtania mtu, na mtu yule hakunijibu. Kwetu utani usiojibiwa hauishi. Unabaki wazi kama mlango wa banda, na wewe uliyetania ndiye unayepigwa na upepo wake. Mimi umenipiga zaidi ya miaka thelathini.

Kasense ya utoto wangu ilikuwa majani na upepo. Miti tuliihesabu kwa vidole, na mwembe hatukuwa nao. Ukipanda embe huku juu linakufa kwa baridi na masikitiko. Bibi alinilea yeye peke yake. Asubuhi aliniamsha kwa kuninyang'anya blanketi bila neno, nami nikatoka kufuata maji nikiwa nimekunja mikono kwapani, umande ukinikata vifundo vya miguu. Nikirudi kulikuwa na uji wa ulezi, mweusi, mzito, unaopumua kwenye sufuria kama kitu kilicho hai. Mpaka leo nikisikia sufuria inatoa ule mpumuo wa "pwa, pwa", meno yangu yanaacha kugongana yenyewe.

Kilimo chetu kilikuwa cha matuta. Si yale marefu ya mstari unayoyaona siku hizi. Yetu yalikuwa ya duara, makubwa, kama nyumba za mchwa zilizokaa kikao. Mvua zikielekea kwisha, majani yalifukiwa ndani ya udongo, juu yakapandwa maharage, chini majani yakaoza taratibu. Kiangazi kikiisha, kabla ya mvua mpya, matuta yale yalivunjwa, udongo ukasambazwa ukiwa mweusi na laini, tayari kwa ulezi. Kuvunja matuta ni kazi ya kuvunja na mgongo, kwa hiyo watu walialikana. Leo kwa huyu, kesho kutwa kwa yule. Mwenye shamba alipika pombe na chakula, wenzake walileta majembe na nyimbo.

Na nyimbo zenyewe, rafiki yangu, hazikuwa za kusifu maua. Zilikuwa za kuchokozana. Mmoja alianzisha, wote wakaitikia majembe yakishuka pamoja. Anayeanzisha alikuwa na ruhusa ya kumsema yeyote shambani: mvivu, mlafi, mwanamume aliyeogopa mke wake, mke aliyeunguza ugali. Mtu mzima alisemwa na mtoto na hakukasirika. Lakini sheria ilikuwa moja, na Bibi aliirudia kila msimu kabla jembe la kwanza halijashuka: anayetaniwa awepo. Awepo ili ajibu. Akishatungiwa ubeti, zamu ni yake, anatunga wa kwake kwa sauti ile ile, na watu wanamwitikia yeye kwa nguvu ile ile. Hapo mmelipana, mnacheka, mnasogea tuta lingine. "Utani una masikio mawili," Bibi alikuwa akisema. "Ukibakiwa na moja, huo ni umbeya."

Sasa nikuambie habari za jirani yetu.

Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya yetu, upande wa bondeni. Mume wake alikuwa ameteremka Kasanga kupanda boti ya kwenda Zambia kutafuta kazi, tangu mimi sijaanza shule. Barua ilikuja moja, ikaja ya pili, kisha zikanyamaza. Hakuwa na mtoto. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viganja vipana kuliko vya wanaume, na viganja vile vilikuwa na kazi maalumu. Kazi ya shamba ikiisha, mchana ukiwa umelegea na watu wamekaa na vibuyu vyao, aliletewa chungu chake kikubwa. Aliweka kibao juu ya mdomo wa chungu, juu ya kibao akasimamisha kigoda miguu ikitazama chini, akakishika kwa mikono miwili na kukisugua, akikivuta na kukisukuma. Ilitoka sauti ambayo sijui nikufananishie na nini. Kama ng'ombe mkubwa anayeota ndoto nzuri. Uliisikia kwenye makalio kabla haijafika masikioni, kwa sababu ilipitia ardhini.

Ni yeye aliyenifundisha muziki. Wengine wataandika kwamba walijifunza chuoni, au kwa mtu mwenye jina. Mimi nilijifunza nikiwa nimebanwa katikati ya magoti ya jirani, viganja vyake juu ya viganja vyangu, tunasugua kigoda. "Usikisukume kama unafungua mlango uliokwama," alikuwa akinicheka. "Kibembeleze. Unataka kiseme, hutaki kikimbie." Mikono yangu ilichubuka. Alinipaka mafuta ya kupikia na kunipa kiazi. Kwake palikuwa na raha ambayo kwetu haikuwepo. Bibi alinipenda, lakini mapenzi ya Bibi yalikuwa ya kunyang'anywa blanketi.

Jirani alikuwa na tabia moja. Jumamosi, siku ambayo gari kutoka ziwani lilikuwa likipita barabara kuu, alifagia njia. Hakufagia uwanja, uwanja hata sisi tulifagia. Yeye alifagia njia yenyewe, tangu mlangoni pake mpaka inapokutana na barabara, mwendo wa dakika kumi kwa miguu ya mtoto. Alichukua ufagio wa majani, akainama, akafagia akirudi kinyumenyume. Na kwetu, mwisho wa kiangazi, upepo haupumziki. Alipomaliza kipande, nyuma yake kipande kilishajaa majani makavu na vumbi upya. Watu wazima waliona, wakatazama pembeni. Kwa hilo peke yake hawakumtungia ubeti, hata watu wenye midomo kama nyembe. Nilipaswa kujiuliza kwa nini.

Siku yetu ya kuvunja matuta mwaka ule iliangukia Jumamosi. Shamba letu lilikuwa juu ya mwinuko. Watu walijaa, vumbi lilipanda, utani ulikuwa umekolea. Shangazi mmoja alikuwa ameshamsema mwalimu wangu wa darasa la tano kwamba jembe lake linaogopa udongo kama yeye anavyoogopa maji ya kuoga, na mwalimu alikuwa amejibu vizuri sana kuhusu mguu wa kuku uliopotea kwenye mchuzi wa msiba. Nilikuwa nachekea tumboni. Mwaka ule ndio kwanza nilikuwa nimepewa jembe la kwangu, dogo, na mwenye jembe ana ruhusa ya kuanzisha. Nilitaka kuanzisha. Nilitaka kuliko chakula.

Nikanyoosha mgongo, nikatazama bondeni, nikamwona. Alikuwa anafagia.

Hapo ndipo akili yangu ilipotengeneza hoja ambayo mpaka leo nashangaa sikuwa wakili. Bibi amesema anayetaniwa awepo. Jirani yule pale. Namwona, na yeye akiinua kichwa ananiona. Kwa hiyo yupo! Nikafungua mdomo. Tuliimba kwa Kifipa, nakuwekea kwa Kiswahili:

Mama anafagia njia,
mgeni wake ni upepo;
ukifika unapita,
unamwachia vumbi lake.

Shamba lilipiga kelele. Sijui kama ulishawahi kuchekesha watu wazima hamsini ukiwa na miaka kumi na mmoja. Usijaribu, hutapona. Waliitikia, majembe yakashuka, wakaitikia tena. Sauti ilikuwa nzuri, nakubali, na ndiyo iliyoniponza. Sauti mbaya ingekufa palepale. Na upepo, ule niliouweka kwenye wimbo, ulikuwa unavuma kutoka kwetu kwenda kwake.

Bondeni ufagio ukasimama. Alisimama wima, mkono kiunoni, uso umetuelekea. Kisha akainama akaendelea kufagia.

Bibi alikuwa ameacha kulima. Hakunipiga. Alinisogelea akasema kwa sauti ya kawaida, "Anaonekana. Sawa. Lakini kutoka kule anaweza kukujibu?"

Bibi akaongeza, "Basi subiri. Atakuja na kigoda chake baadaye. Akikujibu, shukuru."

Alikuja. Mchana ule, watu wamekaa, alikuja na kigoda chake kama kawaida, akaamkiana na wakubwa kwa kuchuchumaa na kupiga makofi ya heshima, akaniita nimletee kibao. Nikampelekea. Alisugua chungu vizuri kuliko siku zote. Watu wakawa wanasubiri, maana kila mmoja alijua zamu ni ya nani. Mwalimu akamchokoza, "Haya, jirani, mtoto amekusema. Au umekosa maneno?"

Yeye akatabasamu. "Leo chungu kinatosha."

Sikulala nimeshiba siku ile, na nyama ilikuwepo.

Wimbo ukatembea. Watoto waliuimba kisimani, waliuimba wakichunga, waliuimba wakimwona anapita, na walipomaliza walinitazama mimi kwa heshima. Mvua za kwanza zilipoanguka, jirani alifunga mzigo. Alimwambia Bibi anateremka Kasanga. Chungu kilikuwa kizito, alituachia. Kigoda alikibeba chini ya kwapa. Mimi nilijificha nyuma ya ghala, kwa hiyo sikumuaga. Nilimwona mgongo tu, anakwenda kwenye njia ile aliyoifagia miaka yote, bila kugeuka.

"Nimemfukuza," nilimwambia Bibi.

Bibi alikuwa anachambua maharage. "Sijui," akasema. "Aliyekuwa anajua ameondoka."

Sasa, maisha yangu ya muziki. Nitakusimulia haraka kwa sababu ni mafupi. Sekondari niliingia kwaya. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole, alinisimamisha mazoezini akaniuliza, "Binti, hapo tunaomba rehema. Mbona wewe unaomba kama unamsuta Mungu?" Akanisogeza mstari wa nyuma, kisha nyuma ya mstari wa nyuma, kisha nje. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani. Mjomba alikuwa na gitaa lenye nyuzi nne zinazofanya kazi na mbili za mapambo, akanipa. Tukaanzisha kundi, mabinti watatu. Mmoja aliolewa Mbeya. Wa pili aliokoka, akasema nyimbo za harusi zina pepo ndani yake. Watu siku hizi wakinikaribisha jukwaani wanasema mimi ni msanii wa kujitegemea. Hapana. Mimi ni msanii wa kubaki.

Na wimbo ulioniweka mjini ni ule ule. Niliutengeneza upya. Upepo niliutoa, vumbi nililitoa, nikaweka: fagia njia, bwana harusi anakuja. Ukawa wimbo wa furaha. Mama wakwe wanaucheza wakiwa na fagio kabisa mkononi. Umepigwa redioni, umeimbwa kwenye sendofu nisizozijua. Hakuna aliyeuliza ulianzia wapi, nami sikusema. Lakini sikuweza kuondoa kitu kimoja: baada ya kila ubeti nanyamaza kidogo. Ni nafasi ya jibu.

Kijana wa studio, hapa mjini, nyuma ya saluni, ilimkera sana nafasi hiyo.

"Mama, hapa kati mbona kimya?"

"Hapo wanajibu."

"Nani?"

"Watu."

"Watu gani, mama yangu? Humu tuko wawili, na mimi siimbi." Akakuna kichwa. "Usijali. Nitakujibisha mwenyewe. Nakurudufu mara nne."

Nikatoka studio nikiwa kwaya ya watu watano, wote mimi. Nilifika nyumbani, nikakaa kwenye kiti cha Bibi, nyumba nzima kimya, nikausikiliza. Tulikuwa watano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kunijibu. Walirudia tu nilichosema.

Utaniuliza, Kasanga ni mwendo wa asubuhi moja, kwa nini hukwenda? Swali zuri. Mwanzoni nilikuwa mtoto. Kisha Bibi akaugua, akahitaji mtu. Kisha Bibi akafariki, na nyumba ikahitaji mtu. Kisha barabara ilikuwa mbovu. Kisha barabara ikatengenezwa, nikagundua kwamba joto la ziwani halinifai. Nikawa najiambia kwamba mwanamke niliyemharibia maisha hatataka kuniona. Nilimwona akilini mwangu, amekonda, yuko peke yake ufukweni, anakumbuka ubeti wangu. Nilimwonea huruma vizuri sana, nikiwa nimejifunika blanketi.

"Mama! Bado upo?" Binti wa migebuka alikuwa amemaliza wateja. Akanifungia samaki wangu kwenye gazeti. "Haya, nikuimbie. Ila usinicheke."

"Kwanza niambie ni wa nani."

"Wa bibi mmoja pale kwetu. Mtu wa huku huku juu, Mfipa wenu. Alikuwa anasuguasugua kigoda juu ya chungu, basi sisi watoto tunajaa kwake. Akasema wimbo huu ana deni nao, kuna katoto kalimtania, ndiyo anakajibu."

"Yuko wapi?"

"Alishafariki, mama. Inakwenda mwaka wa tatu."

Nikashika gazeti la samaki kwa mikono yote miwili. "Alikuwa peke yake?"

"Nani, yule? Peke yake!" Alicheka mpaka akaegemea meza. "Alikuwa na babu, fundi wa mitumbwi. Watu wale walikuwa wanagombana asubuhi mpaka jioni, kwa raha zao, na wote wawili hawasikii vizuri. Wametulea nusu ya mtaa. Bibi yule alikwenda mpaka Zambia, akarudi, akaenda Kongo kuuza vyungu, akarudi. Hakai! Babu alikuwa anasema ameoa boti."

Kisha akaniimbia, macho chini, vidole vinagonga meza:

Kifaranga cha mlangoni
kinajua njia za watu;
mfagiaji kashapita,
chenyewe bado mlangoni.

"Tunaupenda kwa sababu ni wa kumchamba mtu asiyetoka," binti akanieleza, asije akaniacha gizani. "Mtu wa kukaa ndani tu anasema wenzake. Mama, unalia?"

"Moshi wa samaki wako."

"Hawa walishapoa, mama."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nimetegemea mambo mawili, kwamba amenisamehe au kwamba amenilaani, na yote mawili nilikuwa nimeyaandalia uso. Hili sikuliandalia. Kumbe sikumfukuza mtu. Kumbe alikuwa na safari zake, na ubeti wangu ulikuwa vumbi dogo kwenye kanga, amelikung'uta na kwenda. Mtu pekee aliyekaa na huzuni ile miaka yote ni mimi, na niliishikilia, nakiri, kwa sababu ilinifanya nijione nilishawahi kufanya kitu kikubwa. Na jibu lenyewe lilikuwa la haki. Lilipita kila siku kutoka ziwani, limekaa kwenye midomo ya wauza samaki, limefika sokoni mwendo wa nusu saa kutoka mlangoni pangu, nami nilikuwa ndani nakula maharage.

Siku hizi hapa Kasense hakuna anayealika watu kuvunja matuta. Majirani waliohamia na ng'ombe wao hukodishwa pamoja na majembe yao ya kukokotwa, na shamba lile la Bibi wanalimaliza kabla uji haujapoa. Wanalima vizuri, sina neno; ila jembe la ng'ombe halihitaji mtu wa kuitikia. Chungu kile alichotuachia kilipata ufa zamani. Nilijaribu kigoda juu ya ndoo ya plastiki, nikapata sauti ya panya aliyekanyagwa. Watu wanaojua kwamba utani una zamu wamelala makaburini, na wengine tumebaki na simu, ambako unamsema mtu asiyekuwepo asubuhi mpaka jioni na hakuna Bibi wa kukuuliza kama anaweza kukujibu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi Mwimbi. Wakaomba Fagia Njia. Fagio zikaletwa, mama wakwe wakajipanga. Nikakaza nyuzi, na kwa mara ya kwanza tangu utoto niliimba ule ubeti wa shambani, wenye upepo ndani yake. Nikanyamaza mahali pa kunyamaza. Kisha nikaimba wa kifaranga.

Ukumbi ulilipuka. "Leo mama ametuletea vijembe!" mshereheshaji akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Kifaranga ni nani? Kifaranga ni nani humu ndani?" Wanawake wakaanza kunyoosheana vidole, wanasukumana, wanacheka mpaka machozi, wakamwelekea wifi ambaye hajaolewa, wakamwelekea mjomba anayelala kwao mpaka leo, wifi akaruka akamnyooshea shemeji. Kila mtu alijua kwa uhakika kwamba anasemwa mwingine. Nikarudia ubeti, na hapo nami nikanyoosha kidole, nikajigonga kifuani, mara moja, mara mbili, kwa mapigo ya wimbo. Mstari mzima wa mbele wakainua vidole vyao, wakajigonga vifua, wakaniiga, wakidhani ni mtindo mpya wa kucheza.